Okidi za mawe: Biashara ya chungu, si ya gunia

MKULIMA wa Kagera anayechavusha maua ya vanila kwa kijiti, ua moja baada ya jingine kabla jua halijawa kali, huenda hajawahi kuambiwa kwamba zao lake ni okidi. Ndivyo ilivyo. Vanila ni mmoja wa jamaa wa ukoo wa mimea wenye aina zaidi ya 25,000 duniani, na ufundi wa kuichavusha kwa mkono ulibuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa aliyekuwa na umri wa miaka 12 tu.

Ukoo huo huo una ndugu wadogo ambao hawatoi kiungo wala chakula, bali maua. Baadhi yao hawaoti ardhini kabisa. Hushikilia mawe na majabali ya milimani, mahali ambapo hata nyasi zinashindwa kusimama. Wakazi wa Usambara, Uluguru na Nyanda za Juu Kusini wanapishana nao kila siku njiani kwenda shambani bila kuwapa thamani yoyote, mpaka siku anapofika mnunuzi na gunia.

Hapo ndipo penye hoja. Mahitaji ya maua ya vyunguni mijini yanaonekana kwa macho. Kando ya barabara za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala, wauza miche wamejipanga na biashara inakwenda. Okidi ni kati ya maua yanayouzwa kwa bei ya juu zaidi katika vyungu hivyo. Swali ambalo mkulima mdogo na mfanyabiashara wa miche wanapaswa kujiuliza ni hili: je, okidi ndogo za mawe zinaweza kuwa chanzo cha kipato halali cha kaya?

Jibu ni ndiyo, lakini kwa anayezikuza nyumbani, akazizidisha na kuuza alichozidisha. Anayezibandua mlimani na kuziuza hafanyi kilimo. Anakula mtaji ambao si wake peke yake, na mtaji huo ukiisha hakuna msimu mwingine.

Mmea unaoishi kwa umande

Kabla ya kuzungumzia fedha, ni vema kuufahamu mmea wenyewe, kwa sababu okidi nyingi zinazokufa majumbani huuawa na wema wa mwenye nyumba.

Okidi ya mawe haili jiwe. Jiwe ni mahali pa kukaa tu. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sponji ambayo hunyonya maji ya mvua, umande na ukungu kwa haraka, kisha hukauka kwa upepo. Chakula chake ni kidogo sana: vumbi, majani yaliyooza na uchafu ulionaswa katika nyufa. Akiba ya maji huwekwa katika majani manene au katika mashina yaliyovimba mfano wa vitunguu vidogo. Ndiyo maana mmea huo unavumilia wiki kadhaa za kiangazi, lakini hauvumilii siku kumi za kukaa katika matope.

Afrika Mashariki imejaliwa aina nyingi za jamii hii. Rangaeris amaniensis, ambayo jina lake limetokana na Amani katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, huota juu ya miti na pia juu ya mawe kuanzia Ethiopia hadi Zimbabwe. Maua yake ni meupe, yana mkia mrefu wenye asali ndani yake, na hutoa harufu nzuri zaidi usiku ili kuwavuta nondo. Zipo pia Polystachya, jenasi yenye aina nyingi zaidi hapa Afrika kuliko kwingineko duniani. Nyingi kati yake ni ndogo kiasi cha kuenea kwenye chungu cha ukubwa wa kikombe.

Nje ya bara hili, okidi za mawe zinazojulikana zaidi kwa wakuzaji ni zile za Brazili, hasa za jimbo la Minas Gerais. Kwa miaka mingi ziliitwa Laelia, na siku hizi wataalamu wa mimea wameziweka katika jenasi ya Cattleya. Huota juu ya mawe ya milimani penye jua kali mchana na baridi na umande usiku, na maua yake ni mekundu, ya manjano, ya chungwa au ya zambarau. Ni mimea mifupi, migumu na yenye rangi kali, sifa ambazo muuza maua yeyote anazitaka.

Jinsi ya kuzikuza nyumbani

Habari njema ni kwamba ukuzaji wake hauhitaji banda la kioo wala mitambo. Mkulima wa Lushoto, Njombe, Mbeya, Arusha, Limuru au Kabale ana hali ya hewa ambayo mkuzaji wa Ulaya huilipia umeme: mchana wa wastani na usiku wa baridi. Anachohitaji ni kuiga mwamba.

Chungu kinachofaa ni cha udongo wa kuchoma, kidogo, chenye matundu ya kutosha chini na ikiwezekana pembeni. Chungu kikubwa ni kosa la kwanza la anayeanza, kwani maji hukaa katikati bila kukauka na mizizi huoza. Ndani yake usiwekwe udongo wa bustani wala samadi. Mchanganyiko unaofaa ni mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, yanayopatikana kwa urahisi maeneo ya Arusha na Mbeya, pamoja na vipande vya mkaa na vigae vya matofali ya kuchoma vilivyovunjwa kwa ukubwa wa punje ya mahindi hadi kidole gumba. Mkaa na mawe vioshwe kwanza ili vumbi litoke. Kwa wakazi wa pwani, kokoto za matumbawe ziepukwe kwa sababu zina chokaa nyingi.

Mmea hukaa juu ya mchanganyiko huo, haufukiwi. Mizizi tu ndiyo inayoshuka. Ufungwe kwa uzi kwenye kijiti au jiwe hadi ushike wenyewe, kwani mmea unaotikisika hautoi mizizi mipya.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Kanuni yake ni rahisi kusema na ngumu kuifuata: loweka kisha acha ikauke. Wakati mmea unatoa majani na mizizi mipya, umwagiliwe asubuhi mpaka maji yapite chini, halafu uachwe hadi mawe yakauke kabisa ndipo umwagiliwe tena. Katika joto kavu hiyo inaweza kuwa kila siku au siku mbili. Katika majira ya baridi inaweza kuwa mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Umwagiliaji wa jioni haushauriwi, kwa sababu maji yanayolala kwenye chipukizi hadi asubuhi huleta uozo.

Mbolea iwe ile ya kuyeyuka katika maji, na kipimo kiwe robo tu ya kile kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kila wiki mbili katika msimu wa kukua. Mara moja kwa mwezi chungu kisuuzwe kwa maji matupu ili chumvi ya mbolea isijikusanye kwenye mawe. Mmea ulioumbwa kuishi kwa umande hauwezi kulishwa kama mahindi.

Hewa nayo ni chakula. Vyungu visibananishwe chini ya ukuta. Meza ya miti iliyoachwa wazi chini, yenye neti ya kivuli juu, inatosha. Wadudu wanaosumbua zaidi ni wadudu gamba na vidung'ata, ambao hujificha chini ya majani na kwenye maungio ya shina. Wakiwa wachache, pamba iliyolowekwa maji ya sabuni inawatosha. Konokono nao hupenda ncha za mizizi na vichipukizi vya maua, hivyo wakaguliwe usiku kwa tochi.

Kwa nini haitoi maua

Malalamiko makubwa ya wanaonunua okidi ni kwamba mmea una afya, majani ni ya kijani, lakini miaka inapita bila ua hata moja. Mara nyingi sababu ni tatu, na zote zinarekebishika bila gharama.

Ya kwanza ni mwanga. Jani la kijani kilichokolea, refu na laini linapendeza kwa macho, lakini ni dalili ya mmea wenye njaa ya mwanga. Rangi inayotakiwa ni kijani kinachoelekea kwenye manjano. Okidi nyingi za Afrika Mashariki hutosheka na jua lililochujwa, kwa mfano chini ya neti ya kivuli cha asilimia 50. Zile za Brazili hutaka zaidi ya hapo, ikiwa ni pamoja na jua la moja kwa moja la asubuhi. Mmea uzoeshwe taratibu kwa wiki kadhaa, kwani jani lililotoka kivulini likipigwa na jua la ghafla huungua.

Ya pili ni mapumziko. Mlimani kuna msimu wa mvua na msimu wa ukavu, na mmea husoma saa yake kwa mabadiliko hayo. Chungu kinachomwagiliwa kipimo kilekile mwaka mzima hakipewi taarifa kwamba msimu umebadilika. Jani au shina jipya likishakomaa, maji yapunguzwe kwa wiki sita hadi nane na mbolea isimamishwe. Mmea upewe maji kidogo tu ya kuzuia mashina yasinyauke sana. Tofauti ya joto kati ya mchana na usiku husaidia pia, na hapo ndipo mkulima wa nyanda za juu anapomshinda mkazi wa pwani.

Ya tatu ni kuhamahama. Mkuzaji asiye na subira hugeuza chungu, hubadili mawe na kugawanya mmea kila mwaka. Okidi ya mawe hupenda kubanwa na kuachwa. Kubadilisha chungu kufanywe baada ya miaka miwili au mitatu, na wakati wake ni pale ncha mpya za mizizi zinapoanza kuchomoza, si kabla.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ukweli usemwe mapema. Aina za milimani zinateseka katika joto la usiku la pwani. Anayetaka kufanya biashara huko afadhali aanze na Dendrobium zilizoboreshwa Thailand, nchi inayouza okidi nyingi za kukatwa duniani, kwani hizo zimezoea joto.

Hesabu kabla ya mkopo

Sasa fedha. Katika biashara ya mimea mipya, mara nyingi anayetajirika kwanza ni muuza miche, na mkulima hubaki na bustani isiyo na mnunuzi. Waliopanda vanila wakati bei ya dunia ilipopaa baada ya kimbunga cha mwaka 2000 kuharibu mashamba ya Madagascar, kisha wakavuna bei ilipoanguka kuanzia mwaka 2004, hawahitaji kukumbushwa. Kwa hiyo hesabu ifanyike kabla ya shauku.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye vyungu mama 10 vya aina inayogawanyika. Mmea mmoja wa afya hugawanywa mara mbili baada ya takriban miaka mitatu, kila kipande kikiwa na mashina matatu au manne. Hivyo baada ya miaka mitatu ana vyungu 20. Akiuza 10 kwa, tuseme, Sh 20,000 kila kimoja, amepata Sh 200,000. Zigawanywe kwa miezi 36 na kila mwezi umempa kama Sh 5,500. Hicho si kipato cha kuendesha nyumba.

Lakini asipouza awamu ya kwanza, mwaka wa sita ana vyungu 40. Akiuza 20 kwa bei ileile, anapata Sh 400,000 na bado ana mama 20 wa kuendelea nao. Mtaji unazaa, ila unazaa polepole kama ng'ombe, si kama kuku.

Sasa mkulima huyo aweke mkopo wa Sh 500,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Riba peke yake ni Sh 15,000 kila mwezi. Katika miezi 36 atakuwa amelipa Sh 540,000, zaidi ya fedha aliyokopa, kabla hajauza chungu cha kwanza. Kwa sababu hiyo okidi za mawe zisianzishwe kwa mkopo. Zianzishwe kwa vyungu vichache, kando ya shughuli nyingine inayolipa haraka.

Shughuli hiyo ipo. Neti ya kivuli inayofunika okidi inaweza kufunika pia miche ya parachichi, migunga ya mapambo au maua ya msimu yanayouzwa ndani ya miezi michache. Neti, meza na mlinzi vinalipwa na miche hiyo, na okidi zinakua kwa gharama ya vyungu na muda wa mwenyewe. Kwa lugha ya biashara, okidi iwe akiba, na miche iwe mshahara.

Ipo pia njia ambayo wauza maua wa hapa wanaweza kuitumia zaidi: kukodisha badala ya kuuza. Hoteli au mgahawa unahitaji chungu kikiwa na maua tu. Yakinyauka, chungu huwa mzigo kwao. Mkulima akikubaliana nao kupeleka vyungu vyenye maua na kuvirudisha vikimaliza, analipwa kwa ua na anabaki na mmea. Zile aina nyeupe zinazonukia usiku zinafaa zaidi katika baraza za chakula cha jioni kuliko katika ofisi inayofungwa saa kumi na moja.

Tahadhari moja katika kugawanya: kisu kipitishwe kwenye moto kila baada ya mmea mmoja. Okidi hushambuliwa na virusi visivyo na dawa, na kisu kichafu hueneza ugonjwa katika bustani nzima kwa siku moja.

Mbegu haioti kwenye kitalu

Wapo watakaouliza kwa nini wasipande mbegu, maana tumba moja la okidi lina mbegu nyingi mno, kwa aina nyingine mamilioni. Tatizo ni kwamba mbegu hizo ni vumbi. Hazina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo kwa punje ya maharage, na porini huota pale tu zinapokutana na kuvu wa aina fulani anayezilisha. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani, Lewis Knudson, alionyesha kwamba zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa safi yenye rojo la sukari na madini bila kuvu huyo. Biashara kubwa ya okidi ya Taiwan na Uholanzi imesimama juu ya kazi ya chupa za maabara.

Kazi hiyo si ya jikoni, lakini si ya mwezini pia. Ni jamaa wa karibu wa teknolojia inayotumika kuzalisha miche ya migomba isiyo na magonjwa, ambayo Chuo Kikuu cha JKUAT nchini Kenya kimeifanya kwa miaka mingi. Tanzania ina kituo cha TARI Mikocheni kinachoshughulika na bioteknolojia ya kilimo, na Chuo Kikuu cha Sokoine kina wataalamu wake. Tumba moja lililochukuliwa kwa kibali kutoka mmea mmoja, na mmea wenyewe ukaachwa palepale juu ya jiwe lake, linaweza kutoa miche ya kutosha vikundi vingi vya wakulima. Kwa nini hilo lisifanyike?

Gunia la mlimani

Lisipofanyika, soko litajitafutia njia, na njia hiyo tayari inajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliofuatilia biashara ya viazi vya okidi za ardhini katika Nyanda za Juu Kusini walikuta mamilioni ya viazi yakichimbwa kila mwaka na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chikanda, chakula kinachopikwa kwa karanga za kusagwa. Wachimbaji walimaliza eneo moja wakahamia jingine. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ililinda sehemu ya utajiri huo, lakini haikuumba upya kilichokwisha kung'olewa kwingine.

Katika mnyororo ule, aliyeinama na jembe alipata kidogo kuliko wote, na ndiye aliyebaki na mlima mtupu. Okidi za mawe ziko katika hatari kubwa zaidi kwa sababu kila aina huweza kuwa na majabali machache tu ya kuishi. Mmea wenye mashina kumi unaweza kuwa umechukua miaka mingi kufikia hapo. Mtu mmoja mwenye panga anaubandua kwa dakika moja, tena kwa kukata nusu ya mizizi, na mingi ya mimea hiyo hufia kwenye gunia au kwenye chungu cha mnunuzi. Hivyo hata muuzaji anauza bidhaa mbovu.

Itasemwa kwamba mwananchi mwenye njaa hawezi kuambiwa asubiri miaka sita. Hoja hiyo ina uzito na isipuuzwe. Lakini jibu lake si kumwachia mlima amalize. Mwananchi huyo akilipwa kwa gunia analipwa mara moja. Akipewa miche ya chupa na neti, analipwa kila msimu, na anakuwa na sababu ya kumkatalia mwenye gunia.

Brazili inatoa mfano wenye pande mbili. Laelia milleri, okidi nyekundu ya mawe yenye madini ya chuma huko Minas Gerais, ilipewa jina la kitaalamu mwaka 1960. Uchimbaji wa chuma ukaharibu sehemu kubwa ya makazi yake. Leo ni rahisi zaidi kuikuta ndani ya vyungu vya wakuzaji duniani, waliyoizidisha kwa mbegu na kuigawana, kuliko juu ya mwamba wake wa asili. Chungu kimeiokoa, ila faida yake kubwa inakwenda mbali na mlima ule.

Tanzania inalijua hilo. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe ya kivulini huko Usambara. Si okidi, lakini ni jirani yake wa mwamba. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia, na hadi leo Wajerumani huliita ua la Usambara. Limezalishwa Ulaya na Marekani kwa maelfu ya rangi na kuuzwa madirishani dunia nzima. Mkulima wa Usambara hakupata senti kwa sababu hapakuwa na mkataba wala kitalu chake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi zenye mimea zigawiwe faida, lakini haiwezi kurudi nyuma kudai deni la mwaka 1892. Inaweza kusaidia kwa aina ambazo bado hazijaondoka.

Kila mmoja na wajibu wake

Sheria zipo. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuvusha mmea mpaka bila kibali ni kosa, hata kama umefungwa kwenye gazeti. Nchini Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchukua mazao ya misitu ya hifadhi bila kibali. Lakini mkataba huo huo unailegezea masharti miche ya okidi iliyo ndani ya chupa za maabara, kwa kuwa si rahisi kuidanganya. Huo ni mlango uliofunguliwa kwa mzalishaji halali, na nchi za Afrika Mashariki bado hazijautumia ipasavyo. Cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na TPHPA Tanzania na KEPHIS Kenya, bado kinahitajika.

Serikali na vituo vya utafiti vinapaswa kuanza na aina mbili au tatu tu za mawe, zenye maua mazuri na zinazokubali chungu, na kuzitoa kwa vikundi kwa bei ya kuzalishia. Maofisa ugani wapewe mafunzo ya siku chache, maana ofisa anayejua kahawa na mahindi pekee hawezi kumshauri mkulima juu ya mmea usiotaka udongo. Vibali kwa mkulima mdogo navyo visigeuzwe safari ya wiki nzima kwenda mjini. Kibali kisichopatikana humsukuma hata mwaminifu kwa mwenye gunia.

Mfanyabiashara wa miche naye ana kazi. Okidi iliyokuzwa hutambulika: majani yanalingana, hayana makovu mengi, na mizizi imezunguka ndani ya chungu. Iliyobanduliwa ina mizizi mifupi iliyokatika, majani yaliyoliwa na wadudu, na mara nyingi vipande vya gome au jiwe bado vimeshikamana nayo. Anayeinunua kwa sababu ni rahisi anajua anachokifanya. Afadhali alipe zaidi kwa mmea uliozoea chungu kuliko kupoteza nusu ya mzigo na mteja asiyerudi.

Na mkulima anayetaka kuanza mwaka huu asikimbilie vyungu mia. Aanze na vitano kutoka kwa mkuzaji anayefahamika, aandike katika daftari siku ya kumwagilia, siku ya kupumzisha na siku ya ua la kwanza. Akiweza kuvitoa maua vyote vitano kwa misimu miwili mfululizo katika hali ya hewa ya kwake, ameshajua kazi, na hapo aongeze. Akishindwa, amepoteza vyungu vitano, na mlima bado una mawe yake na maua yake.